MAISHA YA MTAKATIFU YOSEFINA BAKHITA, BINTI WA DARFUR



Ndugu wasomaji, kwa kuwa toleo hili la ukumbusho linatoka kwa ajili ya sikukuu ya tarehe 8 Februari, Kamati imeona vema kusimulia maisha ya mama ambaye jina lake tunalisikia Juba kila siku, hata midomoni mwa wale wasiosali pamoja nasi. Redio ya Jimbo Kuu la Juba, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 2006, iliitwa Bakhita. Wasichana wengi wamebatizwa kwa jina hilo. Lakini ukiuliza kwenye foleni ya maji Bakhita alikuwa nani, wengi watakujibu kwamba alikuwa sista mweusi aliyekwenda Italia, basi. Wengine wanadhani alikuwa Mdinka, wengine wanasema Mbari, na wapo wanaobishana mpaka sauti zinapanda. Hakuwa wa hao wala wa hawa.

Alizaliwa karibu mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, Darfur, karibu na mlima uitwao Agilerei, magharibi ya nchi ambayo leo ni Sudan. Watu wake ni Wadaju. Tunasema karibu kwa sababu hakuna aliyeandika tarehe, wala yeye mwenyewe hakuwahi kuijua. Baba yake alikuwa ndugu wa mkuu wa kijiji, mtu mwenye mashamba na mifugo. Walikuwapo kaka watatu na dada watatu, na mmoja wa dada hao alikuwa pacha wake. Uzeeni, akiwaeleza masista habari za utoto wake, alisema ulikuwa utoto wa furaha, usiojua huzuni.

Huzuni ilifika siku wavamizi walipoingia kijijini na kumchukua dada yake mkubwa. Bakhita hakusahau kilio cha mama yake siku ile. Baada ya miaka kama miwili, karibu mwaka 1877, zamu yake ikafika. Alikuwa na umri wa miaka saba au minane, anatembea mashambani na msichana mwenzake, mbali kidogo na nyumba. Wakatokea wanaume wawili wasiojulikana. Mmoja alimwambia yule mwenzake atangulie, kisha akamwomba Bakhita amchukulie mzigo alioacha msituni. Mtoto aliyefundishwa adabu hakatai kumtumikia mtu mzima. Akaenda, na huko wakamkamata.

Walipomwuliza jina lake, hofu ilimzuia kulitamka. Wao wakampa jina la Kiarabu, Bakhita, maana yake mwenye bahati. Wafanya biashara ya watu walizoea kuwabandika mateka wao majina ya heri. Hata pwani ya Uswahilini walikuwako watumwa walioitwa Mabruki na Mubaraka. Lile jina alilopewa na mama yake lilipotea katika akili yake na halikurudi tena, hata alipokuwa mtu huru, hata alipokuwa mtawa, hata siku ya kufa. Wale kati yetu waliofika na watoto waliookotwa njiani, watoto wasiojua majina ya baba zao, wanaelewa jambo hili bila kufafanuliwa.

Yafaa tukumbuke kwamba hayo hayakutokea Darfur peke yake. Hapa hapa karibu na Juba, ng'ambo ya Nile, ipo Gondokoro, ambapo majahazi kutoka Khartoum yalipakia pembe za ndovu na watu pamoja. Mapadre wa kwanza waliofika Gondokoro katika miaka ya 1850 walikuta biashara hiyo, nao wengi wao walikufa kwa homa na misheni ikafungwa. Waturuki na Wamisri ndio waliotawala Sudan tangu mwaka 1821. Mwaka 1877 serikali za Misri na Uingereza zilitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Ni karibu na wakati uleule Bakhita alipotekwa. Karatasi ilikwenda njia yake, na msafara wa watumwa ukaenda njia yake.

Alifungiwa katika chumba kidogo kwa muda wa wiki kadhaa, kisha akauzwa, akatembezwa kwa miguu bila viatu mamia ya kilomita kuelekea El Obeid. Njiani yeye na msichana mwingine walitoroka usiku. Walikimbia msituni, wakapanda mti kwa kuogopa wanyama wakali, na kulipokucha wakaendelea mpaka walipokutana na mtu aliyejifanya kuwahurumia. Aliwapa chakula na maji, kisha akawafungia katika zizi pamoja na kondoo, na baadaye akawauza kwa msafara uliopita.

Huko El Obeid alikuwa mali ya tajiri mmoja, akiwatumikia binti zake. Siku moja alivunja chombo, na kijana wa nyumba ile akampiga hata akalala zaidi ya mwezi mmoja bila kuweza kuinuka. Akauzwa tena, safari hii kwa jenerali wa jeshi la Waturuki. Mama mkwe wa jenerali na mke wake hawakuacha kiboko mkononi. Ndipo alipochanjwa. Mwanamke fundi alichora kwa unga mweupe juu ya kifua, tumbo na mkono wa kulia, kisha akapitisha wembe katika kila mstari na kusugua chumvi katika majeraha ili makovu yabaki wazi. Alama zilipita mia moja. Alizibeba mwilini chini ya nguo ya kitawa kwa maisha yake yote.

Jambo moja halisimuliwi sana, nasi tunaliona kubwa. Miaka ileile, katika mji uleule wa El Obeid, walikuwako wamisionari wa Askofu Daniel Comboni. Walipokea watumwa waliotoroka, na jirani na mji, mahali paitwapo Malbes, walianzisha kijiji cha watu waliokombolewa. Kijana Mdinka aitwaye Daniel Sorur alikuwa ametoroka kwa bwana wake huko El Obeid mwaka 1873 na kukimbilia misheni. Mwaka 1887 alipewa upadre mjini Cairo. Bakhita hakubahatika kuuona mlango ule. Comboni alikufa Khartoum tarehe 10 Oktoba 1881 bila kujua kwamba nyuma ya ukuta mmoja wa El Obeid yumo mtoto atakayetangazwa mtakatifu miaka mitatu kabla yake mwenyewe.

Mwaka 1882 vita vya Mahdi vilikaribia El Obeid. Jenerali aliwauza watumwa wake wengi na kurudi Khartoum na wachache, Bakhita akiwamo. Januari 1883 El Obeid ilianguka, na wamisionari waliokuwa huko, mapadre kwa masista, wakawa wao sasa ni mateka. Mwaka huohuo mjini Khartoum Bakhita alinunuliwa na Callisto Legnani, makamu wa balozi wa Italia. Kwa mara ya kwanza hakupigwa. Alipewa nguo, na kazi za nyumbani zilikuwa za kiasi. Legnani alipoona Khartoum inazingirwa na ikampasa kuondoka, Bakhita alimsihi amchukue. Hatuwezi kusema kwamba alijua Italia ni nini. Alijua tu kwamba nyumba ile ilikuwa haina kiboko.

Walisafiri kwa ngamia mpaka bandari ya Suakin kwenye Bahari ya Shamu, na Machi 1885 wakapanda meli kwenda Genoa. Walipofika, Legnani alimtoa kama zawadi kwa mke wa rafiki yake Augusto Michieli. Naam, zawadi, kama mtu anavyotoa kitambaa. Akapelekwa Zianigo, karibu na Venezia, na mwaka uliofuata akawa yaya wa mtoto mchanga, Alice, waliyemwita Mimmina. Mtoto yule alimpenda Bakhita, naye Bakhita akampenda kama wake.

Familia ya Michieli ilikuwa imenunua hoteli kule Suakin, na Bakhita aliwahi kurudi huko nao kwa miezi kadhaa. Hiyo ndiyo mara ya mwisho miguu yake kukanyaga Afrika. Darfur ilikuwa mbali, vita vilikuwa katikati, na nyumbani kwao hakupaona tena.

Mwaka 1888 bibi Michieli alitaka kwenda Suakin kumfuata mumewe. Msimamizi wa mashamba yao, Illuminato Checchini, mtu wa ibada, ndiye aliyeshauri mtoto na yaya wake waachwe kwa Masista wa Canossa mjini Venezia, katika nyumba ya wakatekumeni. Checchini huyo alikuwa amempa Bakhita msalaba mdogo wa fedha. Aliuficha asije akanyang'anywa, maana hakuwahi kumiliki kitu kingine. Kwa masista alianza mafundisho, naye alisema baadaye kwamba Mungu waliyemweleza alikuwa amemhisi moyoni tangu utotoni, alipotazama jua, mwezi na nyota akajiuliza ni nani mwenye vitu hivyo.

Baada ya mwaka mmoja bibi Michieli alirudi kuwachukua. Bakhita akakataa kwenda.

Wengi wanapomsimulia Bakhita humfanya mtu mpole tu, mwenye kuinamisha kichwa. Hebu tumtazame siku hiyo. Alikuwa na miaka ishirini hivi, hana ndugu hata mmoja katika nchi ile, hajui kusoma vizuri, lugha yake ya Kiitalia ni ya jikoni. Mbele yake amesimama mwanamke aliyemlisha miaka mitatu, anakasirika na kulia, anamwita asiye na shukrani. Mimmina analia na kumng'ang'ania. Naye anampenda mtoto. Lakini alijua kwamba akirudi Suakin ataikosa imani aliyokuwa ameanza kuipata, naye akasema hapana, akarudia hapana. Siku ya tatu walikusanyika watu wakubwa: Kardinali Domenico Agostini, Patriarka wa Venezia, mwendesha mashtaka wa mfalme, masista, na familia. Tarehe 29 Novemba 1889 ilitamkwa kwamba sheria ya Italia haiutambui utumwa, hivyo Bakhita ni mtu huru, na hakuna awezaye kumchukua kwa nguvu. Mimmina alitenganishwa naye akiwa anapiga kelele. Bakhita alisema baadaye kwamba alilia, lakini alikuwa na furaha kwamba hakushindwa.

Hapo ndipo tunapoona jumuiya ya Kikristo ikimpokea mgeni kwa namna inayogharimu. Masista wale wangeweza kumrudisha kimya kimya. Familia ilikuwa na fedha, na ugomvi na wenye fedha si mwepesi. Badala yake walipeleka habari kwa Patriarka, wakasimama naye mbele ya serikali.

Tarehe 9 Januari 1890 alipokea ubatizo, kipaimara na komunyo ya kwanza kwa siku moja. Aliitwa Yosefina Margareta, na jina la tatu Fortunata, ambalo ni Bakhita kwa lugha ya Kilatini na Kiitalia. Watu waliomjua walisimulia kwamba mara nyingi alipofika kwenye kisima kile cha ubatizo alikibusu. Tarehe 7 Desemba 1893 aliingia unovisi, na tarehe 8 Desemba 1896 akaweka nadhiri.

Mwaka 1902 alitumwa Schio, mji wa viwanda vya sufu chini ya milima, jimboni Vicenza. Huko alikaa karibu maisha yake yote yaliyobaki. Alikuwa mpishi, alitunza sakristia, alitarizi nguo, kisha akawekwa kuwa bawabu. Watu wa Schio walikuwa hawajazoea kuona Mwafrika. Mwanzoni watoto walimwogopa. Walimshika mikono kuona kama rangi inatoka. Hayakuwa mapokezi ya maua na ngoma, na wale wanaotusimulia kwamba parokia ilimkumbatia tangu siku ya kwanza wanarahisisha mambo. Ilichukua muda. Watoto waliokuja shule walipita mlangoni kwake kila asubuhi, naye aliwawekea mkono kichwani. Mama zao maskini walifika kuomba chakula na kukuta sauti ya taratibu. Jikoni alipasha moto sahani wakati wa baridi ili chakula cha masista wagonjwa kisipoe. Katika Vita Kuu ya Kwanza sehemu ya nyumba yao iligeuzwa hospitali ya askari, naye aliwahudumia. Polepole mji ukampa jina la lahaja yao, Madre Moretta, yaani Mama Mweusi mdogo. Jina hilo lilianza kama la kumtofautisha, likaishia kuwa la upendo.

Kwa agizo la wakubwa wake alisimulia maisha yake yaandikwe, na mwaka 1931 yakatoka katika kitabu cha Ida Zanolini. Tangu hapo alijulikana Italia nzima. Mwaka 1933 alianza kuzungushwa mji kwa mji kwa ajili ya misheni, na watu walijaa kumtazama. Yeye alikuwa na haya. Tukisema kweli, wengine walikuja kumtazama kama kitu cha ajabu, naye aliliona hilo na kulivumilia. Kisha alikaa miaka kadhaa Vimercate, karibu na Milano, akiwa bawabu katika nyumba ya masista waliotayarishwa kwenda Afrika.

Ndugu zetu Waethiopia wa hapa kambini wataikumbuka miaka hiyo kwa jambo jingine, maana ni mwaka 1935 Italia ilipoivamia nchi yao. Huenda wapo wanaojiuliza mtakatifu wa Kiafrika alikuwa wapi. Alikuwa mlangoni pa nyumba ya watawa, hana mamlaka yoyote, katika nchi ambayo magazeti yake yalishangilia vita. Haifai kumdai kile ambacho hakuwa nacho. Lakini haifai pia kuficha kwamba nchi iliyompa uhuru ndiyo iliyowanyang'anya wengine uhuru wao.

Kuna neno lake moja linalojulikana na linalosumbua wengi. Alisema kwamba akikutana na wale waliomteka, hata wale waliomtesa, angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa sababu bila hayo asingekuwa Mkristo na mtawa. Katika mazungumzo ya jumuiya ndogo ndogo jambo hili limeleta ubishi, na mwandishi wa kurasa hizi anakiri kwamba yeye hajafika huko. Ifahamike tu kwamba aliyesema hivyo ni yeye aliyechanjwa, kwa mwili wake mwenyewe. Hakuwaagiza wengine waseme. Na hakurudi kwa bwana wake alipoitwa.

Katika vita vya pili Schio ilipigwa mabomu. Watu walijipa moyo kwamba maadamu Madre Moretta yumo, mji hautaangamia. Uzeeni miguu ilikataa, akawa anakaa katika kiti cha magurudumu. Alipenda kusema kwamba yeye ni msafiri mwenye mizigo miwili: mmoja una dhambi zake, na mwingine, mzito zaidi, una mastahili ya Yesu, atakapofika mbele ya Mungu ataufunika wa kwanza kwa wa pili. Mtu aliyewahi kufunga virago usiku ataona kwa nini alichagua mfano huo.

Siku za mwisho homa ilimrudisha utumwani. Alimsihi sista aliyemwuguza amlegezee minyororo, kwamba ni mizito. Alikufa jioni ya tarehe 8 Februari 1947. Watu wa Schio walipita mbele ya mwili wake siku baada ya siku, wafanyakazi wa viwanda na watoto wao, na mama waliinua mkono wake na kuuweka juu ya vichwa vya watoto. Mwaka 1969 mabaki yake yalihamishiwa katika kanisa la masista mjini humo.

Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri tarehe 17 Mei 1992. Tarehe 10 Februari 1993, siku mbili baada ya kumbukumbu yake, Papa huyo alifika Khartoum. Wakati huo vita vya kusini na kaskazini vilikuwa vinawaka, na maelfu ya watu wa kusini walikuwa wanaishi katika makambi ya wakimbizi wa ndani pembezoni mwa mji ule. Walitoka kwa miguu kwenda kwenye Misa ya uwanjani, na hapo wakamsikia akimtaja Bakhita katika mji uleule alikouzwa kwa mara ya mwisho. Tarehe 1 Oktoba 2000 alitangazwa mtakatifu, na Comboni akafuata tarehe 5 Oktoba 2003.

Tarehe 9 Julai 2011 Sudan Kusini ikawa nchi huru. Kwa mpaka mpya Bakhita alibaki upande wa Sudan, lakini hakuna parokia ya kusini iliyofuta jina lake, na maaskofu wa nchi mbili waliendelea kuwa na baraza moja. Hakuwa wa kabila lolote la kusini, hivyo hakuna kabila la kusini linaloweza kumshika na kuwaambia wengine si wenu. Jambo hilo lilikuja kuonekana lina uzito vita vilipozuka Juba Desemba 2013, na tena Julai 2016, watu walipoulizwa lugha zao barabarani. Walikimbilia uwanja wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa, Kator, na wengine Mtakatifu Yosefu. Ng'ambo ya mto, kule Gumbo, Wasalesiani waliwafungulia viwanja vya misheni yao, wakalala maelfu chini ya maturubai, na wengine walikaa huko miaka.

Papa Fransisko alikuja Juba tarehe 3 mpaka 5 Februari 2023, pamoja na Askofu Mkuu wa Kianglikana wa Canterbury na kiongozi wa Kanisa la Scotland. Alikutana na wakimbizi wa ndani, na katika Misa ya mwisho, kwenye uwanja wa kaburi la John Garang, alimtaja Bakhita. Wiki kumi hazijatimia, tarehe 15 Aprili 2023, vita vikaanza Khartoum. Tangu hapo magari yamefika Gorom, nje ya Juba, yakiwaleta watu wa Sudan mahali ambapo Waethiopia wa Gambella walikuwa wametangulia kujenga. Wengine wametoka Darfur ileile. Wengine wamepitia El Obeid, na miongoni mwao wamo wasichana waitwao Bakhita.